Anzia mlango wa nyuma: mwongozo kamili wa kumpangia mwanafunzi wa sekondari njia ya kazi za hoteli na utalii

Kila mwanzo wa mwaka, vijana wa kidato cha tatu na cha nne wakinijazia fomu za ushauri, hazikosi kumi zilizoandikwa "nataka utalii" na basi. Ukimwita mwenye fomu ukamuuliza utalii upi, anatazama dari. Mwaka mmoja binti alinijibu bila kusita: "Mapokezi, Madam. Wanavaa vizuri halafu kuna kiyoyozi." Sikumcheka. Alikuwa ameiona hoteli kutokea pale wengi wetu tunapoiona, dirishani mwa daladala.

Haya nayaandika kwa walimu wenzangu wa malezi hapa Dar es Salaam, na kwa mzazi ambaye mwanawe ameshaanza kuitaja kazi hii mezani. Naomba jambo moja tu: jina la chuo lisubiri. Kwanza mtoto aione siku moja ya kazi jinsi ilivyo, ndipo mrudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye masomo yake ya leo.

Hatua ya 1: Wapitishe mlango wa wafanyakazi

Kila hoteli kubwa ina milango miwili. Wa mbele una maua. Wa nyuma una mlinzi, daftari la kusaini, harufu ya sabuni ya kufulia na ubao wa ratiba. Ziara ya shule ipite huo wa pili.

Barua ya mkuu wa shule ielekezwe idara ya rasilimali watu, na ipelekwe kwa mkono. Ya baruapepe husahaulika. Omba siku ya katikati ya wiki, kati ya saa 9 na saa 10 alasiri, pale chakula cha mchana kimeshatoka na cha jioni hakijapamba moto. Wanafunzi wasizidi kumi na wawili, wavae viatu vya kufunika vidole, simu zibaki shuleni. Na mwombe mwenyeji wenu asiwapotezee muda kwenye bwawa la kuogelea. Mnataka kuona jiko, dobi, stoo, chumba kimoja kinachotandikwa, na kantini ya wafanyakazi.

Katika ziara yetu ya kwanza, mama mmoja wa usafi wa vyumba alitutandikia kitanda huku akihesabu kwa sauti. Shuka alilirusha mara moja tu likatua limenyooka. Kwenye kona alichomeka upande wa miguuni chini ya godoro, akauinua ule wa ubavuni ukasimama kama bawa, akabana kilichoning'inia, kisha akaushusha. Ikatoka pembe kama ya bahasha. Akaivuta kwa nguvu kuonyesha kuwa haifumuki. "Haya, nani anajaribu?" Waliojaribu walikuwa wanne na wote walishindwa, lakini kijana mmoja aliyekuwa hasemi kitu darasani alirudia mara tatu mpaka ikakaa. Mimi nilikuwa namtazama yeye kuliko kitanda.

Jikoni waulizeni kwa nini mbao za kukatia zina rangi. Watajibiwa kwamba nyekundu ni ya nyama mbichi, ya bluu ni ya samaki, ya kijani ni ya mboga na matunda, ili damu ya kuku isiishie kwenye kachumbari ya mgeni. Hapo somo la baiolojia lililokuwa linawachosha linageuka kuwa kazi ya mtu.

Kabla hamjaondoka, simameni mbele ya ubao wa ratiba. Hapa ndipo ndoto nyingi hupimwa, na bora zipimwe akiwa kidato cha tatu kuliko akiwa ameshalipa ada. Shifti ya asubuhi huanza saa 12 au saa 1. Ya mchana humalizika saa 4 au saa 5 usiku. Ya usiku humwachia mtu asubuhi wenzake wakienda kazini. Jumapili, Idi, Krismasi, jina lake lipo. Wape zoezi: unakaa Chanika, kazi iko Masaki, shifti inaanza saa 12 asubuhi. Unaamka saa ngapi, unapanda magari mangapi, nauli ya siku ishirini na sita ni shilingi ngapi? Ukitoka saa 5 usiku unarudije? Baadhi ya hoteli zina gari la kuwarudisha wafanyakazi wa usiku, nyingine hazina. Mwanafunzi aulize hapohapo, mbele ya mwenyeji. Nimeona vijana wakibadili mawazo kwa hesabu hii peke yake. Wengine wamebaki, lakini wamebaki wakijua.

Hatua ya 2: Ligawanye neno "utalii"

Wiki ya pili chukua ubao wa darasa, waache wenyewe wataje kazi walizoziona. Mwanzo watakuambia mpishi, mhudumu, mtu wa mapokezi. Wasukume. Nani alinunua zile nyanya? Nani anatengeneza kiyoyozi? Nani anapiga hesabu ya vinywaji vilivyotoka? Hoteli inaajiri watunza stoo, wahasibu, mafundi umeme na bomba, madereva, walinzi, watu wa kompyuta. Mwanafunzi mzuri wa hesabu asiyependa watu wengi ana nafasi humo, na hakuna aliyemwambia.

Nje ya hoteli kuna mawakala wa tiketi, waandaaji wa safari, waandaaji wa mikutano, wahudumu wa uwanja wa ndege, watu wa makumbusho. Kuna pia kuongoza watalii, kazi ambayo mtaani tunaifupisha "gaidi", kutoka Kiingereza "guide", neno ambalo pia ni jina la jambazi. Mfundishe mwanao aseme "muongoza watalii", hasa akiwa mbele ya polisi.

Dar es Salaam nayo wataifahamu hapo. Mgeni wetu wa kawaida hakuja kuona simba. Amekuja mkutanoni, kwenye biashara, au analala usiku mmoja kabla ya boti ya Zanzibar. Kwa hiyo jiji hili lina nafasi zaidi kwenye vyumba, jiko, kumbi za mikutano na usafiri. Safari za kaskazini hupangwa na kuanzia Arusha, na anayetaka kazi ile ajue huenda akahama. Kusini kuna mlango wake: Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyokatwa kutoka Selous mwaka 2019, hufikiwa kwa ndege ndogo au kwa barabara kutoka hapa, na tangu katikati ya 2024 treni ya SGR inamfikisha mgeni Morogoro, kutoka huko Mikumi si mbali. Usisahau vya mjini: Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, visiwa vya Bongoyo na Mbudya.

Idadi ya wageni inapanda. Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, na mwaka 2027 Tanzania itaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Mwanafunzi aliye kidato cha pili leo asiitegemee AFCON kumpa ajira, maana itapita akiwa bado darasani. Ajifunze kuitazama tu: ni kazi gani ziliongezeka, na zipi zilibaki wageni walipoondoka.

Hatua ya 3: Kikao na mzazi, kabla ya kuchagua chochote

Nilikosea miaka yangu ya mwanzo kwa kuliweka hili mwisho. Mtoto anajaza fomu, anachaguliwa, kisha baba anasema hapana.

Mzee mmoja wa Temeke alikuja ofisini na kanzu yake ya Ijumaa, akakaa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mimi simpeleki binti yangu akamimine pombe." Nilikuwa na hotuba nzuri kuhusu ajira. Nikaiacha. Nikamuuliza tu: je, akiwa anaoka mikate? Akanyamaza kidogo. "Kuoka mikate kuna chuo?" Kupo. Tukaendelea kutoka hapo.

Hofu za mzazi ni taarifa za kupangia njia, usizipinge kama upuuzi. Kama ni pombe, kuna uokaji na keki, dobi, uhasibu, tiketi, makumbusho. Kama ni hijabu, liwe swali la kwanza kwenye ziara, kwa sababu kila hoteli ina utaratibu wake wa sare. Kama ni usalama wa binti, mzazi ana haki kabisa: mkubaliane mapema kwamba akienda fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, atakuwa na namba mbili za kupiga, ya msimamizi wa chuo na ya mtu mzima wa familia, na kwamba akisumbuliwa na mgeni au bosi ataondoka kwanza, maelezo yatafuata. Kijana wa kiume mwambie hivyohivyo. Nao husumbuliwa, ila hawasemi.

Hatua ya 4: Njia kulingana na matokeo

Sasa ndiyo tunafungua vitabu vya vyuo. Chora njia tatu kwenye karatasi moja, usichore moja tu, maana matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari na hayamwulizi mtu alikuwa na mpango gani.

Ya kwanza ni ya aliyepata angalau D nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Huyu anaingia chuo cha ngazi ya kati kwa astashahada ya awali, ambayo ni ngazi ya 4 ya NTA, mfumo wa kitaifa wa ngazi za tuzo za vyuo vya kati. Mwaka mmoja. Akifaulu anaenda ngazi ya 5, astashahada, kisha ngazi ya 6, stashahada. Kwa kawaida ni miaka mitatu. Uzuri wa ngazi hizi ni kwamba kila kituo kina cheti chake. Ada ikikata mwaka wa pili, mtoto hatoki mikono mitupu. Na stashahada yenye wastani wa 3.0 inamfungulia mlango wa kuomba shahada. Hapa jijini kuna Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye kampasi ya Bustani katikati ya mji na ya Temeke. Arusha wana kampasi yao pia, na huko VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo chake cha hoteli na utalii. Kwa mwenye moyo wa wanyamapori kuna chuo cha Mweka, Moshi, kilichoanza mwaka 1963. Zanzibar kuna chuo kikuu cha SUZA, Maruhubi.

Ya pili ni ya anayeendelea kidato cha tano. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo, zikafika 65, kwa hiyo msichague kwa mazoea ya enzi zetu. Mimi huwaambia watafute yenye Jiografia au lugha, na yenye somo wanaloliweza kweli. Akifaulu vizuri kidato cha sita anaomba shahada moja kwa moja. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, kwa mfano, ina shahada ya usimamizi wa utalii. Lakini mzazi aambiwe ukweli: shahada haimfanyi mtu meneja. Meneja wengi wazuri wa hoteli walianzia kwenye tray, na mhitimu asiyejua kubeba tray hutambulika siku ya kwanza.

Ya tatu ni ya asiyefikisha D nne. Hii ndiyo tunayoionea aibu, na ina watu wengi. VETA wana kozi za upishi na huduma za chakula za muda mrefu na mfupi. Kuna pia mafunzo ya uanagenzi, ambapo kijana anagawa muda wake kati ya darasa na hoteli. Na kama ana kaka au mama mkubwa aliyepika mgahawani miaka kumi bila cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: mtu anapimwa kwa anachokijua na kupewa cheti. Nimeshawaelekeza huko wazazi waliokuja kumsikilizia mtoto wakaondoka na mpango wao wenyewe.

Dirisha la TAMISEMI la kubadili machaguo baada ya matokeo ya kidato cha nne lina vyuo ndani yake, si tahasusi peke yake. Wengi hawalitumii kwa kudhani ni la wanaokwenda kidato cha tano tu. Siku likifunguliwa, kaa na mwanafunzi mkono kwa mkono. Usimwachie mtu wa steshenari.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, angalieni chuo kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi. Mambo mawili yaangaliwe: chuo kimesajiliwa, na kozi yenyewe imeidhinishwa katika ngazi anayoitaka. Chuo kinaweza kuwa na la kwanza kikakosa la pili. Nilimwacha mwanafunzi wangu mmoja aende mahali pazuri pa kutazama, wana sare, wana gari lenye maandishi, nami sikuangalia. Mwaka ukaisha, cheti hakikutambuliwa, akaanza upya na waliomfuata nyuma. Mama yake hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Hatua ya 5: Lugha, kuanzia leo

Kiingereza cha hoteli si cha mtihani. Mwanafunzi wa A anaweza kuganda mbele ya mgeni aliyekasirika kwa sababu maji ya moto hayatoki. Fanyeni mchezo darasani dakika kumi kila wiki: mmoja mgeni mwenye hasira, mmoja mfanyakazi. Mfanyakazi asikilize bila kukatiza, arudie tatizo kwa maneno yake, aseme atafanya nini na baada ya dakika ngapi. Hayo matatu tu. Kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza.

Katika mchezo huo utagundua shida ya neno letu "pole". Sisi tunampa pole hata aliyejikwaa mwenyewe. Kijana akilitafsiri kwa neno la Kiingereza la kuomba radhi, mgeni anaweza kudhani hoteli imekiri kosa. Wafundishe kutofautisha huruma na hatia. Msimamizi wao wa baadaye atakushukuru.

Lugha ya tatu ni nyongeza ya mshahara kwa baadhi ya kazi, hasa uongozaji. Kifaransa kina Alliance Française, Kijerumani kina Goethe-Institut, zote ziko Upanga. Kichina kinafundishwa Taasisi ya Confucius, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ada si ya kila nyumba. Asiyeweza aanze kwa simu na redio. Muhimu aichague moja akae nayo, asidokoe nne.

Hatua ya 6: Karatasi

Fupi lakini inaua ndoto kimyakimya. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane herufi kwa herufi na litakalosajiliwa NECTA. Mwanahawa wa cheti cha kuzaliwa cha RITA na Mwanaawa wa cheti cha shule ni watu wawili mbele ya mwajiri, na kuwaunganisha kunataka viapo na nauli. Kagueni kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Akifikisha miaka 18 afuatilie namba ya NIDA, kisha TIN, namba ya mlipakodi. Atakayeshika chakula atatakiwa kupimwa afya. Muongoza watalii anahitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na hata mwenye vyeti vya chuo haruhusiwi kuanza bila hiyo.

Hatua ya 7: Bajeti na fildi

Mzazi akiuliza ada, mwambie ada ni nusu ya swali. Kuna sare na viatu vyeusi visivyoteleza, visu kwa wa upishi, bima ya afya, kuchapisha ripoti, na nauli. Fildi nyingi hazilipi. Kwa hiyo miezi ya fildi ndiyo migumu kuliko ya darasani: mtoto anatoka kila siku, hata Jumapili, na hakuna kinachoingia. Ile hesabu ya Chanika hadi Masaki irudieni hapa, safari hii kwa fedha za nyumbani. Ikibana, atafute hoteli ya wastani iliyo karibu kuliko ya nyota tano iliyo mbali. Katika hoteli ndogo atapangiwa mapokezi asubuhi, jioni atasaidia jikoni, na mwisho wa mwezi atakuwa ameona hesabu. Kwenye kubwa anaweza kumaliza wiki nane akifuta glasi.

Msimu nao uangaliwe. Wakati wa masika, Aprili na Mei, kambi kadhaa za hifadhi za kusini na baadhi ya hoteli za Zanzibar hufunga au hupunguza watu. Kuomba fildi huko miezi hiyo ni kujitafutia kukaa bure. Jijini mikutano huendelea, kwa hiyo Aprili abaki Dar, na akitaka pwani au mbugani aombe Juni na kuendelea. Maombi yatangulie miezi mitatu.

Kitabu cha kumbukumbu za fildi kijazwe kila jioni, hata mistari minne. Kinachojazwa siku ya mwisho kwa kalamu moja kinajulikana.

Hatua ya 8: Mfuatilie, lakini kwa saa zake

Mpango wa mwanafunzi hauishi akitoka getini kwetu. Mimi huandika majina yao kwenye daftari, na mbele ya kila jina tarehe tatu: mwezi wa kwanza chuoni, wiki ya pili ya fildi, mwezi wa tatu kazini. Huo wa mwisho ndio wengi huacha. Miguu inauma, marafiki wako harusini, mshahara wa kwanza umeliwa na nauli. Mara nyingi hawahitaji ushauri. Wanataka mtu awaulize ile shifti ya usiku inakwendaje na kama wameshaomba kubadilishwa idara.

Yule binti wa kiyoyozi hakwenda mapokezi. Yuko jikoni, upande wa mikate, anaingia saa 9 usiku ili ngano iwe imeumuka wageni wakiamka. Nilijifunza kwake kupanga simu zangu. Wa mikate nampigia saa 11 jioni akiwa ameshaamka. Wa mapokezi ya usiku, baada ya saa 10 alasiri. Wa usafi wa vyumba hawapokei kabla ya saa 8 mchana, na ukisisitiza atakujibu kwa kunong'ona, shuka likiwa mkononi.